Hesabu ya ubao wa inchi 2

Mafundi wengi wa mbao hapa Nakuru, ukiwatajia hesabu za kukausha mbao kwenye tanuri, hukujibu kwamba hesabu haikaushi ubao. Moto na upepo ndio hukausha. Nawaelewa. Aliyelinda tanuri miaka mingi huujua ubao kwa kuunyanyua tu na kuusikiliza ukigongwa. Ila naona hajaelezwa vizuri hesabu hiyo inamwambia nini.

Chukua unene. Kwa kanuni ya mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick ya mwaka 1855, muda wa maji kutoka katikati ya ubao hadi nje hukua kwa mraba wa unene: unene mara mbili, muda mara nne. Ubao wa inchi 1 ukikauka kwa siku 10, wa inchi 2 hautaki siku 20; unataka karibu 40. Tanurini tofauti hiyo hupungua kidogo, kwa kuwa mvuke hucheleweshwa pia na hewa iliyotulia juu ya ubao, na ucheleweshaji huo haukui kwa mraba wa unene; lakini siku 20 hazitoshi kamwe. Hapo ndipo hasara huanzia. Mwenye tanuri huongeza moto amuwahi mteja. Nje kunakauka kunataka kunywea, ndani bado kumelowa kunakataa. Kipimo cha unyevu chenye sindano fupi, zisizofika katikati ya ubao, kinasoma asilimia 12, watu wanapakia. Seremala akija kuupasua ubao, vipande viwili vinajikunja kuelekeana na kuubana msumeno. Nimewahi kukishika kipande kama hicho: juu kikavu kau, upande uliopasuliwa ukiupapasa una ubaridi wa maji.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo ni mkaratusi, mti uliojaa mashambani kuanzia huku hadi Kakamega. Ukiwa mbichi na joto likizidi, maji yanapotoka huvuta kuta za seli zikalaliana, ubao ukabonyea hata kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 30. Kanuni ya Fick peke yake hailioni hilo. Kwa hiyo vigezo vilivyopimwa kwa misonobari ya Ulaya visiletwe hapa vilivyo.

Tupime mbao zetu wenyewe. Kata kipande, kipime uzito, kikaushe kwa nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito uache kushuka. Tofauti ya uzito ukiigawa kwa uzito mkavu, umepata unyevu wake. Kisha chagua ubao mmoja wa kupimwa kila asubuhi na kuandikwa daftarini. Na hapo hesabu inamhitaji fundi yuleyule, maana ndiye anayejua ubao upi katika rundo hukawia kuliko yote.