Jani la kijani kwenye kopo halijawahi kusafisha ngozi ya mtu

Mwenzenu nina miaka minane huku Ulaya na kitu ambacho sikuwahi kudhani kitakuja kunichanganya akili ni losheni. Nyumbani losheni haikuwa mjadala. Kulikuwa na kopo moja la mafuta ya mgando juu ya kabati, kila mtu anachota anapaka anaondoka, na ukilifungua unajua kabisa nani katoka kupaka, maana mdogo wangu alikuwa anachimba katikati kama anatafuta maji, mama yeye anakwangua pembeni pembeni kwa adabu. Basi, habari ya ngozi imeisha hapo.

Huku sasa, baridi ikiingia na hita zikawashwa hewa ya ndani inakauka, uso unavutika mpaka ukicheka unaona kama utapasuka, miguu ndo usiseme, imepauka kama nimetoka kukanyaga jivu. Nikaenda dukani, nikakuta rafu ndefu kila kopo lina picha ya jani, kila kopo limeandikwa safi, asilia, oganiki, halina hiki, halina kile. Nikachukua lenye majani mengi kuliko yote. Ndo nilivyochagua jamani, msinicheke.

Wiki ya pili shingo ikaanza kuwasha, vikatoka vipele vidogo vidogo, nikasema ni maji ya huku, nikabadili sabuni ya kufulia, nikabadili mto, nikawa naamka usiku nazidi kujipaka ileile krimu eti initulize!! Mpaka nilipofika kwa daktari wa ngozi, akaligeuza kopo nyuma, akaweka kidole kwenye majina mawili ya mwisho mwisho kule, Limonene na Linalool. Kumbe ni harufu, zinatoka kwenye maganda ya malimau na mafuta ya maua, za asilia kabisa hakuna uongo hapo, ila zikikutana na hewa zinabadilika na mwenye mzio anakiona cha moto. Na sheria ya huku inataka zitajwe kwa jina zikizidi asilimia 0.001 kwenye kitu cha kupaka na kuacha mwilini. Yani walishaniambia tangu dukani, ni mimi nilikuwa naangalia majani.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza hili neno "safi" maana yake nini hasa, na jibu ni kwamba kila kampuni inajipangia yake. Sheria ya vipodozi huku haijui kipodozi "safi" ni kipi, na ukivuka kwenda Marekani ni hivyohivyo. Kinachonilinda mimi huku siyo lile jani, ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009, yenye orodha ya vitu zaidi ya 1,300 visivyoruhusiwa kwenye vipodozi (vingine hata hakuna mtu angewaza kujipaka lakini haya). Haidrokwinoni kwenye krimu ya kung'arisha uso hairuhusiwi. Krimu ya ngozi yenye zebaki (kwa Kiingereza mercury) hairuhusiwi. Kwa hiyo ile losheni ya bei ya chini isiyo na jani hata moja nayo imepita kwenye mlango huohuo, na watu wanalipa mara tano kwa ajili ya picha.

Halafu kuna hili la parabeni, vile vitu vya kuzuia krimu isiharibike, hapa ndo nakasirika kabisa. Watu walizikimbia parabeni, kampuni nazo zikaanza kujitangaza hazina, lakini krimu yenye maji lazima iwekwe kitu cha kuzuia bakteria na ukungu, haina ujanja. Wengine wakaweka kitu kinaitwa Methylisothiazolinone. Kilichofuata ni mizio kila kona, hadi Ulaya ikaja kukipiga marufuku kwenye vitu vya kupaka na kuacha. Tulikimbia mvua tukaingia mtoni.

Sasa msije mkadhani nasema nyumbani kuna nafuu. Kule tuna lile kopo la mgando ambalo hadi leo kwa ngozi kavu sijaona la kulishinda, lakini tuna na mkorogo. Mtu anachanganya krimu tatu nne kwenye kijiko, anakupakilia kwenye kikopo kisicho na jina wala tarehe, ukiuliza kuna nini ndani unaambiwa mbona fulani ametakata. Na zebaki ikiwemo humo haikai usoni tu, inaingia mwilini inakwenda kwenye figo, na kwa mama anayenyonyesha inamfikia hadi mtoto. Na wala siyo nyumbani tu, huku pia vinauzwa chini ya meza, na wateja ni sisi haohao.

Kwa hiyo huku watu wanaamini jani, kule tunaamini uso wa jirani, nyuma ya kopo hakuna anayegeuza. Mi siku hizi nageuza. Vitu vimeandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo kile kiungo kilichochorwa kikubwa mbele nikikikuta mkiani kabisa najua nauziwa harufu ya jina. Nikiona Parfum, yani harufu ya kuongezwa, nairudisha rafuni. Kipya napaka kwanza kidogo ndani ya kiwiko, siku kadhaa, ndo kiende usoni. Na kale kachoro ka kopo lililofunguka kenye 12M ni miezi 12 tangu ufungue, mi nilidhani ni saizi.

Juzi mdogo wangu, yuleyule wa kuchimba katikati, kaniandikia nimtumie "krimu safi za huko". Nikamwambia kabla sijatuma chochote nipigie picha nyuma ya hiyo unayopaka sasa. Kanipigia mbele. Nimemwambia nyuma mama, nyuma, kageuza kapiga imetoka ukungu mtupu, nilichoambulia ni herufi tatu, m-e-r, na tangu hapo namtumia meseji namwambia aifute kioo cha kamera apige tena na asiipake leo, hajajibu.