Mama, Ndoo Hizi Hapa

Kabla sijaondoka Njombe, mchungaji wetu aliniuliza kama ningehitaji miezi miwili ya kujifunza lugha kabla ya kuanza kazi ya uinjilisti Mombasa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Lugha gani tena? Krapf, yule mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, sawa, yeye alilazimika kuokota Kiswahili neno kwa neno hadi akakitungia kamusi. Mimi nimezaliwa nacho. Nikamwambia mchungaji hizo pesa wanunulie spika za kwaya.

Basi likanipeleka Tanga, Horohoro, Lungalunga, mpaka feri ya Likoni, na koti la baridi la Njombe mwilini, kwa sababu kwenye begi halikuenea. Aliyewahi kuvuka Likoni saa nane mchana ndani ya koti la sufu hahitaji kusimuliwa zaidi.

Nilipanga chumba Kisauni, si mbali na Kengeleni, pale palipopewa jina kwa ile kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru. Niliona hiyo ni ishara kutoka juu. Nyumba yenyewe ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani pipa la maji. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu, ambaye wajukuu humwita "nyanya". Kwetu nyanya hukaangwa na kitunguu, lakini hilo nilishaonywa.

Jioni ya kwanza nimekaa kitandani, mlango nimeuacha wazi nipate upepo, mara nasikia sauti yake kutoka barazani: "Mwanangu, ndoo!"

Nikageuka. Ndoo yangu ya bluu ilikuwa pale pembeni, mpya. Sasa, maji Kisauni ni shida, mabomba hukauka siku nzima na watu hununua mitungi kwenye mikokoteni, kwa hiyo jirani kuazima ndoo si jambo la kushangaza. Nikaichukua, nikaiweka miguuni pake kwa adabu zote, nikasema "Karibu mama," nikarudi ndani. Hakujibu kitu. Nilipochungulia, alikuwa anaitazama ile ndoo kama mtu aliyeletewa mbuzi ambaye hakumwagiza.

Jioni ya pili: "Ndoo, mwanangu! Ndoo upesi!"

Upesi tena! Nikambebea ya kufulia, na foronya ndani. Nikajikumbusha Mathayo 5:42, "Akuombaye, mpe," ila moyoni nilianza kunung'unika. Harufu ya mahamri ilikuwa inaingia chumbani bila hodi, iliki na nazi, mimi natafuna mkate mkavu kwa chai ya rangi, na huyu mama wala hanikaribishi. Kazi yake ni kukusanya ndoo tu.

Usiku ule nikaandika ripoti yangu ya kwanza, nikaituma kwa WhatsApp kwenye kundi la kanisa: "Wenyeji ni watu wema, lakini wana upungufu mkubwa wa ndoo. Tuwaombee."

Siku ya tatu sikusubiri kuaibika. Nilipita soko la Kongowea nikanunua nyekundu ya lita 20, yenye mfuniko. Alipoita tu, "Ndoo!", nikatoka nayo mbio, meno yote nje. Barazani walikuwepo mama wanne na sinia la chakula. Mwenye nyumba akanikazia macho.

"Wateka nini?"

"Sijateka bado, mama. Ndoo zangu zote si ziko kwako?"

Kimya. Halafu mama mmoja akajifunika leso usoni, mabega yakaanza kutikisika. Mwingine akamwaga mbaazi. Mtoto mmoja akatumwa mbio amwite jirani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye alifika anafunga kikoi vizuri, akasikiliza kesi nzima kama kadhi, kisha akanigeukia.

"Pasta, hapa kwetu ndoo ni njoo. Na kuteka ni kucheka. Mama akwita siku tatu ule mahamri, nawe wamletea vyombo."

"Nalidhani ni nadhiri," akasema mama mwenye nyumba, akijipangusa machozi. "Nikasema labda dini yao ina sadaka ya ndoo, si vyema kumrudishia mtu sadaka yake."

Mwalimu akaona amepata mwanafunzi. Akaniambia ule mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiswahili cha kufundishia shuleni ulifanyika hapa hapa Mombasa, na ukakichagua Kiunguja. "Sisi tuliwapa viti," akasema, "Unguja wakapewa lugha." Inaonekana bado linamuuma. Mimi nilikuwa nalisikiliza hamri la sita. Unalipasua, mvuke unatoka, ndani ni tupu kama mfuko, unauchota nao mchuzi wa mbaazi kabla haujakuchuruzika kiwikoni. Siku mbili nililala njaa mita nne kutoka kwenye kitu kile.

Ndipo nikaikumbuka ripoti.

Nikakimbilia simu. Ujumbe ulishasomwa na kundi zima, na mchungaji ameuitikia kwa mikono ya maombi. Niandike nini sasa, kwamba mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho amehitaji mkalimani wa neno "njoo"? Nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na watu wa basi: njoo Mwembe Tayari, una mzigo wako kutoka Tanzania. Akina mama wa Njombe walikuwa wamechangishana. Ndoo arobaini, zimepachikwa moja ndani ya nyingine, na kila moja imeandikwa kwa rangi ya mafuta: "Kwa ndugu zetu wa Mombasa."

Nilikodi tuktuk mbili. Tulipokata kona ya kwetu, mwenye nyumba alikuwa barazani mahali pake pa siku zote. Aliinuka polepole, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Ndoo!"

Nikabaki nimesimama kando ya tuktuk, sijui kama naitwa.