Je, Yesu alimjibu mama yake vibaya harusini Kana?

Hapa Malindi, pilau ikiisha kabla wageni hawajala, aibu humwangukia mama mwenye shughuli. Ndiyo maana kisa cha Kana katika Yohana 2 kinatugusa moja kwa moja. Divai imekwisha, Mariamu anamwendea mwanawe, na jibu analopewa tunalisoma hivi: "Mama, tuna nini mimi nawe?"

Hilo "Mama" wametupa watafsiri. Kigiriki kinasema gunai, yaani "mwanamke". Nawaelewa kabisa. Ni mtoto gani wa pwani atamwita mzazi wake "we mwanamke" na wazee wakanyamaza? Lakini heshima hiyo imetufunika macho.

Wapo wasomaji wanaosema Injili zinamsogeza Mariamu kando, na hoja zao nzito. Marko, ambaye wataalamu wengi humhesabu wa kwanza kuandika, anamtaja kwa jina mara moja tu. Katika sura ya 3, jamaa za Yesu wanatoka kwenda kumkamata wakisema "amerukwa na akili". Kitambo kidogo, mama yake na nduguze wamesimama nje wanamwita, naye anauliza mama yake ni nani. Mathayo na Luka wanasimulia habari ya kusimama nje, ila ile kauli ya kurukwa na akili wameiacha. Yohana naye hamwiti Mariamu kwa jina hata mara moja. Kwake ni "mama yake Yesu" tu.

Hata pale Marko anapomtaja, katika 6:3, wafafanuzi wengine huona watu wa Nazareti wanambeza Yesu kwa kumwita "mwana wa Mariamu", maana kwa kawaida mtu aliitwa kwa babake. Jirani zetu Waislamu hapa mjini hutamka Isa bin Mariamu kwa heshima kubwa, na sura ya 19 ya Kurani ina jina la mama huyo. Neno lilelile, masikio mawili.

Upande wa pili unaanzia kwa Luka. Huko Mariamu anazungumza na malaika, anauliza, anakubali, kisha anaimba kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi". Binti wa kijiji anayesema hivyo hajasogezwa kando. Wakatoliki husimama hapo, na Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulithibitisha kumwita Mama wa Mungu. Tena gunai si tusi: Yesu anamwita hivyohivyo mwanamke Msamaria, na msalabani anapomkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ili asibaki peke yake.

Si tusi, sawa. Lakini si neno la mtoto kwa mamake, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kulilainisha. Umbali upo, Yohana ameuandika kwa makusudi, na ukiuondoa unampunguza Mariamu mwenyewe. Kwa "Mama" letu la upole, tunamwona mzazi aliyejibiwa kwa adabu akaendelea na shughuli. Kwa neno la Yohana, tunamwona mama aliyewekwa mbali mbele ya watu, asinune, asiondoke, asirudie ombi. Anawageukia watumishi: "Lolote atakalowaambia, fanyeni." Mabalasi sita ya mawe, yaani mitungi mikubwa, yakajazwa maji hadi juu, na maji yakawa divai. Baada ya hapo, Biblia nzima haina neno lingine kutoka kinywani mwake.