Hata hundi ya basari ilianza kama mswada

Ijumaa iliyopita niliketi chini ya hema katika uwanja wa shule ya msingi kijijini kwetu, tukimsubiri mbunge aje kugawa hundi za basari. Wakati wa maswali msichana mmoja wa chuo alisimama akauliza: "Mheshimiwa, tangu tukuchague umepeleka mswada gani Bungeni?" Mbunge hajafungua mdomo, wazee wa safu ya mbele wakaanza kumzomea. "Mswada hauliwi! Keti chini!" Akaketi. Mbunge akacheka, swali likaishia hapo.

Liliniuma, na bado linaniuma. Ile hundi ni mswada! Pesa za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge ya Kenya unaolipa basari hizo, zilitokana na mswada wa Muriuki Karue, aliyekuwa mbunge wa Ol Kalou. Haukuwa wa serikali. Ulikuwa sheria kufikia mwisho wa 2003, na asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ikaanza kuteremka mashinani. Wazee wetu wanaila kila muhula.

Tena mtazameni Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge wa kuteuliwa, hana eneobunge, hana hundi ya kumpa mtu. Ndiye aliyeupeleka mswada wa makosa ya ngono katika Bunge lililojaa wanaume. Walimpiga vita. Kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kiling'olewa. Kikaingizwa kifungu cha 38, cha kumwadhibu mlalamishi akionekana kudanganya, ambacho kilifutwa baadaye. Hakuutupa mswada wake. Mwaka 2006 ukawa sheria, na leo anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anakabiliwa na kifungo cha maisha. Nina binti wa miaka tisa. Hakuna darasa wala daraja nililojengewa linaloweza kulinganishwa na hilo.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kusomewa mswada mara ya kwanza na kupigwa picha kwenye ngazi za Bunge kunamalizika kwa siku moja. Baada ya hapo kuna kamati, kuna maoni ya wananchi, kuna kuwabembeleza wenzako wasitoke ukumbini siku ya kura, kuna kusomwa mara ya pili na ya tatu. Muhula wa Bunge ukiisha kabla, mswada unakufa. Ndiyo maana swali la yule msichana halikutosha, na ningeliongezea lingine: umeufikisha wapi?

Haya, nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mswada ni baraka. Ule wa mbunge Jude Njomo wa kuweka ukomo wa riba za mikopo ya benki tuliushangilia 2016, kisha benki zikawafungia milango wafanyabiashara wadogo. Jirani yangu mwenye duka alizungushwa mwaka mzima akitafuta mkopo. Ukomo huo ukaondolewa 2019. Na kifungu cha 114 cha Katiba kinambana mbunge anayetaka kugusa kodi na matumizi ya serikali. Lakini sheria mbaya hurekebishwa na mbunge anayejua kazi yake, wala si na anayejua kugawa hundi.

Mkutano ulipoisha nilimkuta yule msichana kwenye lango akisubiri bodaboda, macho mekundu. Nikamweleza habari za Karue. Akaliandika jina kwenye simu, akaniambia mkutano ujao atarudi na swali lilelile. Nitasimama kando yake.