Toleo la Mwisho 3

Bajeti nzima ya kuitangaza riwaya yangu ilikuwa shilingi 12,000: bando la 5,000, na 7,000 za kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliyenitengenezea jalada. Jalada la kwanza nililirudisha. Maandishi yalikuwa madogo kama punje za mchele, na kitabu pepe hakuna anayekishika mkononi kwanza; anakiona kama kipicha cha ukubwa wa ukucha kwenye stetasi ya WhatsApp. Jina lisiposomeka hapo, mtu anapita zake kuangalia keki ya besdei ya jirani. La pili likaja linaeleweka, pikseli 1,600 kwa 2,560, kipimo ambacho hata Amazon wanakipokea bila maneno.

Mpango ulikuwa huu: sura tatu za kwanza bure, kitabu kizima 3,000 kwa pesa ya simu. Sura za bure hazikatwi popote tu. Unakata pale msomaji anapokaribia kujua. Mimi nilikata pale Hamisi, mvuvi wa Kibirizi, anapomwahidi baba yake Zuhura ng'ombe watatu, wakati mfukoni hana hata nauli ya bajaji.

Nikaanza na brodikasti, ujumbe mmoja unaowaendea wengi kwa mkupuo, kila mtu kivyake. Listi moja ya WhatsApp inabeba watu 256, mimi nikapata 180. Nikatuma jioni, nikalala nikijiona tajiri. Asubuhi waliopata ujumbe walikuwa 23. Kumbe brodikasti humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu 157 wananijua kwa sura, akiwemo kaka yangu wa tumbo moja. (Unaanza kwa kuwaomba wakusevu, mmoja mmoja, ndipo unatengeneza listi. Inachosha, lakini haili bando kubwa.)

Nikahamia kwenye magrupu. Hapo ndipo nilipochemsha, tena mara tatu kwa usiku mmoja.

PDF niliiogopa. Ukiitoa kwa ukubwa wa A4, kwenye simu ndogo herufi zinakuwa sisimizi na msomaji anavuta kila mstari kwa vidole viwili. EPUB, aina ya faili la vitabu pepe, maandishi yake hujipanga yenyewe kulingana na kioo, ila wengi simu zao hazina programu ya kuifungulia, na hakuna atakayepakua programu kwa ajili ya mwandishi asiyemjua. Basi nikaziweka sura tatu kwenye Google Docs, ambako watu wengi hufungua faili moja mtandaoni kwa wakati mmoja, nikanakili kiungo. Kosa la kwanza: wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoa ruhusa ya kuhariri kwa yeyote mwenye kiungo, ili mpwa wangu anisahihishie tahajia. Sikuirudisha kuwa ya kusoma tu. La pili: faili niliita "Toleo la Mwisho 3", na ukituma kiungo, jina la faili ndilo linalojitokeza kwenye ujumbe. La tatu: nilikibandika kiungo kila grupu nililomo, pamoja na la kamati ya harusi ya binamu yangu, na maneno mawili matatu tu: "Fungueni, mwisho ni Ijumaa."

Mwisho wa ahadi za harusi nao ulikuwa Ijumaa hiyo hiyo. Na mhasibu alikuwa ameahidi kutuma orodha usiku ule.

Saa 4 usiku nikafungua kuchungulia. Aliyeingia bila akaunti hupewa jina la mnyama, na juu pale mbuga ilikuwa imejaa: Kiboko, Twiga, Fisi, Kinyonga, Tembo. Nikamwita mke wangu, "Njoo uone wasomaji!" Akaja, akatazama, akasema, "Mbona Twiga anaandika?"

Katikati ya dhoruba ya ziwani, mtumbwi umeshajaa maji, Twiga akaandika: "Mama Mkubwa wa Mwandiga, 50,000. Sare nitajitegemea." Kiboko akafuata na kreti tano za soda. Kinyonga akaandika 30,000, akafuta, akaandika 20,000, akafuta, akaandika "nitawajulisha". Fisi akaomba aachiwe shughuli ya nyama.

Tembo peke yake ndiye aliyekuwa anasoma. Nilikuwa nimeandika Hamisi anavua dagaa chini ya mbalamwezi, ziwa liking'aa kama fedha, aya niliyoipenda kuliko zote. Akaifuta yote, akaweka: "Mwezi mpevu watu wanashona nyavu. Taa inavuta dagaa kwenye giza, mwezi ukiwaka taa ina kazi gani?" Niliumia, maana alikuwa sahihi.

Alfajiri nikawahi stesheneri yenye kompyuta. Unafungua faili, unatafuta historia ya matoleo, unachagua saa ya kabla ya balaa, unarejesha. Dakika mbili, Hamisi akarudi mtumbwini peke yake. Nikabadilisha ruhusa iwe kusoma tu, nikanywa chai.

Saa 2 asubuhi mhasibu akapiga. "Kaka, shikamoo. Ahadi za watu laki sita na arobaini umezipeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba kurejesha hakufuti kitu, toleo la usiku bado limo kwenye historia ile ile. Akasema yeye hataki historia, anataka orodha. Nikarudi stesheneri, nikafungua toleo la saa 4:40 usiku, nikanakili kurasa zote zenye ahadi nikamtumia zilivyo. Kuchambua mstari upi ni riwaya na upi ni mchango niliona ni kazi yake, yeye ndiye mhasibu.

Kitabu kimeuza nakala tisa mpaka sasa. Kila anayelipa namtumia PDF niliyoipanga upya kwa ukurasa wa A6, robo ya A4, herufi zinasomeka bila kuvutwa, na jina lake chini ya kila ukurasa, ili kikianza kuzagaa nijue kilitokea kwa nani. Mnunuzi wa kwanza hakuuliza bei. Aliuliza, "Ile ya mbalamwezi umerekebisha?" Nikamjibu ndiyo, Tembo, karibu.

Jumapili kamati ikakaa. Mhasibu akasimama na karatasi zake, akasoma: Mama Mkubwa, elfu hamsini, amemaliza. Familia ya Ujiji, kreti tano, zimefika. Akafunua ukurasa, sauti ikapanda.

"Hamisi wa Kibirizi, ng'ombe watatu, bado."

Ukumbi ukalipuka makofi na vigelegele. Mwenyekiti akanigeukia, kalamu mkononi.

"Huyu si ni mgeni wako wewe? Tupe namba yake, na utuambie ng'ombe wanakuja kwa gari au kwa miguu."