Usiniambie spidi tu, niambie na umbo

Nikikaa na washkaji wanaopenda habari za bunduki lazima mtu ataje spidi, eti hii inatoka mtutuni na mita kadhaa kwa sekunde, basi anaona kamaliza. Mimi nauliza umbo kwanza.

Chukua Wajerumani. Risasi yao ya 1888 ilikuwa kichwa butu, gramu 14 na ushee, mita 620 hivi kwa sekunde. Ilipofika 1905 jeshi lao lina ya gramu 10, imechongoka kama penseli, inapita mita 870. Watu wanaona spidi wanashangilia, ila hewa nayo ina hesabu zake, ukizidisha kasi mara mbili inakukinza kama mara nne, na ukikaribia kasi ya sauti, mita 340 hivi, inakuwa mbaya zaidi, kwa hiyo risasi nyepesi yenye kichwa butu ingechoka njiani. Ule mchongo ndio uliiokoa. Wafaransa walishatangulia 1898, wao walichonga mpaka nyuma, yaani omo na tezi kama jahazi, maana hewa ikiachana vibaya kwa nyuma inaivuta risasi irudi.

Sasa njoo Tanga, Novemba 1914, Wajerumani walipopigana na Waingereza. Askari wengi wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za 1871, baruti ya moshi, risasi ya madini ya risasi tupu, gramu 25, mita 430 hivi kwa sekunde. Shabaha ikiwa mita 400 ile inasafiri zaidi ya sekunde nzima, na mvuto wa dunia haumwonei mtu huruma, sekunde moja tu ni kushuka karibu mita 5! Ile iliyochongoka inatumia nusu sekunde na kidogo, inashuka mita moja na nusu hivi. Sasa hapo mtu akikosea kukadiria umbali kidogo tu, wa bunduki ya zamani kashakosa.

Lakini kilicho bora hewani si lazima kiwe bora kila mahali. Yule mwindaji Bell wa Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1000, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7, risasi ndefu nzito ya kichwa butu, mita 700 hivi tu kwa sekunde. Iliyochongoka uzito wake uko nyuma, ikiingia kwenye mwili inapinduka, ile butu inanyoosha moja kwa moja. Roho inaniuma kwa wale tembo, ila ndo hivyo, spidi haikuwa na kazi kubwa pale.