Antibayotiki mpya kutoka kwa bakteria wa udongo: tuangalie na pampu

Antibayotiki nyingi zinazotumika hospitalini asili yake ni bakteria wa udongo, hasa jamii ya Streptomyces, hao hao wanaofanya ardhi inukie mvua ikinyesha. Streptomaisini iliyokuja kutibu TB ilipatikana kwao 1943. Halafu 2002 jenomu (jeni zote) ya mmoja wao, Streptomyces coelicolor, iliposomwa yote ikaonekana ana mafungu ya jeni zaidi ya 20 ya kutengeneza kemikali mbalimbali, wakati maabara walikuwa wanazijua chache tu, yaani mengi yamelala. Ndo hapo wanaotaka kumbadilisha jeni bakteria huyu ili yaamke wanapopata nguvu, na mimi nawaelewa kabisa, maana 2019 peke yake usugu wa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27.

Ila wengi wanaongelea kutengeneza tu, kutoa nje hawagusi. Antibayotiki ni sumu ya bakteria na anayeitengeneza naye ni bakteria, sasa ikimjaa ndani si ataanza kufa yeye? Ndo maana ana pampu kwenye utando wa seli zinazoisukuma nje. Mkuze huyo coelicolor kwenye sahani ya maabara utaona matone ya bluu yamekaa juu ya koloni, hiyo ni aktinorodini, antibayotiki yake, imeshatoka. Ukimwongezea uzalishaji pampu ukaziacha zilivyo, anaweza kujidhuru au kupunguza kasi, na dawa unapata kidogo.

Sasa wenye wasiwasi wana hoja hapa na naomba wasidharauliwe. Pampu inayomwokoa mzalishaji ni kinga dhidi ya dawa hiyo hiyo, na bakteria wanapeana jeni, kwa hiyo ikihamia kwa kijidudu cha ugonjwa umekipa ngao kabla dawa haijafika kwa mgonjwa. Watetezi wanajibu kwamba jeni za aina hiyo zimejaa udongoni tangu zamani sana. Kweli, lakini kuwepo udongoni sio sawa na kuziongezea nguvu makusudi. Mimi nakubali kazi iendelee kwa masharti: jeni zipachikwe kwenye kromosomu, sio kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu na kinachohama kirahisi, bakteria wakuzwe kwenye matangi yaliyofungwa, na mabaki yauawe kwa joto kabla ya kumwagwa. Kuwamwaga shambani hapana.

Na hata hayo yote yakifanyika bado kuna pesa, na hili linaniuma kweli. Kampuni ya Achaogen ya Marekani iliidhinishiwa antibayotiki mpya, plazomaisini, 2018, na Aprili 2019 ikafilisika. Antibayotiki mpya inatakiwa itunzwe kwa wagonjwa walioshindikana, sasa kampuni inayolipwa kwa kila kichupa itaishije? Serikali zilipe ada ya kila mwaka dawa iwepo tu, iuzwe isiuzwe, Uingereza wameshaanza utaratibu wa namna hiyo. Bila malipo ya hivyo sioni nani atamaliza kazi ya kuyaamsha hayo mafungu yaliyolala.